Kungojea Kipakatalishi Kinachotengenezeka

Wazee walitwambia kwamba subira huvuta heri, kisha wakageuka wakatwambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwezi Julai nilijipata katikati ya methali hizo mbili, na kiini cha kadhia nzima kilikuwa herufi moja tu: A.

Kitufe cha herufi hiyo kilikufa nikiwa katika sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili, ambayo ilipaswa kuwasilishwa mwishoni mwa Septemba. Labda mwanafunzi wa lugha nyingine angestahimili, lakini hebu jaribu kuandika Kiswahili bila A! Hata "nataka" haiandikiki. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikiinakili herufi hiyo kutoka kwingine na kuibandika kila nilipoihitaji, hadi nikaanza kuchagua maneno kwa uchache wa A zake, mtindo ambao msimamizi wangu asingeuelewa asilani.

Nilikipeleka kipakatalishi changu kwa fundi mmoja katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Alikifungua, akakitazama kwa muda, akasema: "Mwalimu, hiki hakikuundwa kifunguliwe." Kibodi ilikuwa imepigiliwa ribiti ndogo ndogo kwenye bamba la juu, hivi kwamba kuibadilisha kungelazimu kubadilisha bamba zima. Kumbukumbu nayo ilikuwa imelehemiwa kwenye ubao mkuu, na betri ikagandishwa kwa gundi. Yaani kitufe kimoja kimeugua, mwili mzima unaandaliwa kaburi.

Ndipo nikaikumbuka Framework. Kampuni hii ya Marekani, iliyoasisiwa na Nirav Patel, ilianza mwaka 2021 kuuza kipakatalishi cha vipande: kibodi, betri, kioo, hata matundu ya kuchomekea waya, vyote huchopolewa na kurejeshwa na mwenye chombo mwenyewe, kwa bisibisi inayokuja ndani ya kasha. Aliyekinunua mwaka huo anaweza leo kung'oa ubao mkuu wa zamani na kutia wa kizazi kipya, bamba na kioo vikabaki vile vile. Binamu yangu anaishi Ujerumani, ambako vinauzwa, naye alitarajia kuja nyumbani Disemba. Akasema yu tayari kuniletea. Bei ilipoanza ilikuwa dola 999, yaani zaidi ya shilingi 120,000 za leo. Nilikuwa nimedunduiza nusu yake.

Nikiri kwamba nilikitamani. Nilijiambia kuwa kungoja miezi mitano ili ninunue chombo cha miaka kumi ni hesabu ya mtu mwenye busara. Ni kweli wapo walioisubiri Project Ara, ile simu ya vipande iliyotangazwa mwaka 2013 na kuachwa na Google mwaka 2016 kabla ya kufika sokoni. Lakini si haki kuutumia mfano huo hapa, maadamu vipakatalishi vya Framework vipo na watu wanavitumia.

Kilichonigeuza nia ni sarufi. Kauli ya kutendeka ina ada moja: humficha mtenda. Twasema "kikombe kimevunjika" pasi na kumtaja aliyekivunja. Vivyo hivyo, niliposoma kwamba chombo kile "kinatengenezeka" nilikubali upesi bila ya kuuliza: na nani, na kwa vipuri vya wapi? Ikiwa kibodi yake itaharibika nikiwa Nairobi, nitamngoja binamu Disemba nyingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nilirudi Luthuli nikamwuliza fundi swali lenyewe: ni kipi anachokitengeneza yeye? Hakufikiri mara mbili. Alininyoshea ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, lililotumika ng'ambo likaletwa huku. Betri ya nyuma hutoka kwa kusukuma vilango viwili. Kumbukumbu ina nafasi mbili za kuchomeka. Kibodi hushikwa na skrubu, nami mwenyewe nilimwona akiibadilisha ya mteja mwingine kabla chai yake haijapoa. Nyuma yake palikuwa na rafu nzima ya T480 zilizokufa, zikisubiri kutoa viungo kwa walio hai. Kizito? Naam, begani nakihisi. Kioo chake hakinifurahishi. Nililipa shilingi 31,000.

Binamu nilimwandikia asinunue. Alisikitika kidogo, na sidhani alikosea: kama Luthuli ingekuwa na rafu ya vipuri vya Framework, huenda ningengoja.

Kile cha zamani nilimwachia fundi baada ya kuhamisha sura zangu tatu. Kioo chake kilikuwa kizima. Nilipopita wiki iliyofuata kilikuwa kimeshapata mwenyewe, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa amekalia chake.