Jina la Baba na Kazi ya Mwana

Kutaja chanzo cha maneno ni kulipa deni. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu Chake Chake, kazi hiyo niliikabidhi Zotero, programu ya marejeo iliyotolewa Marekani mwaka 2006. Ilinifaa sana. Nilipotia rejeo jipya katikati ya sura, yenyewe iliipanga orodha ya mwisho. Nilipotakiwa kubadili mtindo, kurasa zote zilibadilika mara moja.

Siku moja nilimsomea mzee wangu sura iliyohusu diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940. Nilipofika penye mabano, nikasoma, "Haji, 1940," alinizuia.

"Mwanangu, huyo Haji alitunga lini? Mtunzi si mwanawe?"

Nilinyamaza kwa haya. Programu ina visanduku viwili, cha jina la mtu na cha jina la ukoo. Nasi Wapemba jina letu la mwisho aghalabu ni la baba au la babu. Deni nililipa, lakini kwa mtu asiyedai. Dawa ilikuwa nyepesi: kuviunganisha visanduku viwe kimoja, jina likae zima. Nilifanya hivyo kwa kila mtunzi, mmoja mmoja, hata usiku ukaisha.

Chombo hakikukosa, kilitii nilichokijaza. Mashine huchukua mzigo wa kupanga, lakini amana ya kujua nani ni nani hubaki mikononi mwa mwandishi.