Wasifu wa Ty Cobb

Mwandishi wa maisha ya mtu aliye hai huandika akiogopa kuulizwa. Mwandishi wa maisha ya marehemu hana hofu hiyo, na hatari ya kazi yake imo humo. Habari za Ty Cobb, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyezaliwa Georgia mwaka 1886, zaonyesha hatari hiyo waziwazi.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, na sifa ya mpigaji hupimwa kwa hesabu. Cobb alicheza miaka 24, tangu 1905 hata 1928, mingi yake katika timu ya Detroit. Kura ya kwanza ya kuwachagua mashujaa wa mchezo huo ilipopigwa mwaka 1936, alipata 222 katika 226, akamzidi hata Babe Ruth.

Walakini hesabu za mpira hazisemi tabia ya mtu. Katika siku zake za mwisho Cobb alikuwa pamoja na mwandishi Al Stump, aliyemsaidia kutunga kitabu cha maisha yake. Cobb alifariki Julai 1961. Kabla mwaka haujaisha, Stump alitoa gazetini habari nyingine kabisa: mzee mlevi, mkali, mwenye bastola, asiyependwa na mtu. Mwaka 1994 aliikuza ikawa kitabu, na filamu ikatoka mwaka ule ule. Habari ilikuwa tamu. Wengi waliinakili, na kila nakala ikawa shahidi wa mwenziwe, ingawa chimbuko lao lilikuwa moja.

Charles Leerhsen, aliyetoa wasifu wake mwaka 2015, alianza kazi akitaraji kumkuta mtu yule yule mbaya. Lakini hakutosheka na vitabu vya wenzake. Alipekua hati, magazeti makuukuu na daftari za sensa. Baadhi ya watu waliosemwa kuwa ni weusi waliopigwa na Cobb kwa chuki ya rangi walikuwa wameandikwa katika daftari hizo kuwa weupe. Tena, mwaka 1952 Cobb mwenyewe alikuwa amesema hadharani kwamba wachezaji weusi wana haki ya kucheza. Na liko jambo la baba yake, aliyeuawa kwa risasi na mkewe Agosti 1905. Mama yule alishtakiwa, akaachiliwa. Stump alidai kuwa anayo bunduki ya marisau iliyofanya kazi hiyo, ilhali hati za uchunguzi wa kifo zilitaja bastola. Shahidi wa namna hii angechekwa barazani, kitabuni aliaminiwa.

Hata hivyo, kumsafisha marehemu kupita kadiri ni dhuluma ya pili. Mwezi wa Mei 1912, mjini New York, Cobb aliingia kati ya watazamaji akampiga mtu aliyemtukana, na mtu huyo alikuwa amepoteza mkono mmoja na vidole vya mkono wa pili. Maelfu walikuwapo uwanjani. Hakuna hati iwezayo kulifuta jambo hilo, wala Leerhsen hakulificha.

Hesabu nazo zimeguswa. Kwa miaka mingi mapigo ya Cobb yaliandikwa 4,191. Mwaka 1981 ilitangazwa kwamba mchezo mmoja wa mwaka 1910 ulihesabiwa mara mbili, na jumla ya haki ni 4,189. Vitabu vingine vimesahihisha, vingine vimeiacha jumla ya kale mahali pake.