SARUJI YA MAGNESIAMU: TUULIZE JIWE KWANZA

Karo yangu hutoka kwenye mwiko. Baba ni mwashi. Basi tulipofunzwa kwamba saruji ndiyo chanzo cha karibu asilimia 8 ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na binadamu duniani, moyo ulinidunda. Jameni, tuache kujenga turudi mapangoni?

Nikaingia maktaba. Kumbe lawama si ya makaa pekee. Jiwe la chokaa lenyewe limebeba gesi tumboni. Lioke kilo 100, na kilo 44 zitaruka hewani.

Ndipo nikakutana na saruji ya magnesiamu, aliyoivumbua Mfaransa Stanislas Sorel mwaka wa 1867. Wanaoisifu husema magnesia yake huokwa kwa nyuzi 700 hivi, ilhali saruji ya kawaida hudai nyuzi 1450. Habari njema! Lakini wahenga walinena, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Magnesia hiyo huundwa kwa nini? Aghalabu kwa jiwe la magnesaiti. Nikapiga zile hesabu za moli za Kidato cha Tatu: magnesaiti kilo 100 hutoa gesi kilo 52! Moto umepungua, gesi ya jiwe imezidi. Hapo tumeruka mkojo tukakanyaga mavi.

Nilipomweleza baba, aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, hiyo yenu itastahimili mvua?" Swali la fundi hilo. Saruji ya Sorel hulegea ikikaa majini, na chumvi yake hula vyuma. Inafaa sakafu za ndani, si daraja.

Je, tukate tamaa? Hata kidogo! Mawe ya olivini yana magnesiamu bila kaboni, ingawa kuitoa humo ni kazi ngumu. Bahari nayo ina gramu 1.3 hivi katika kila lita. Kwa kawaida viwanda huitoa baharini kwa kutia chokaa, na chokaa hiyo imetoka tanurini vile vile! Lakini magugadi yaliyotengenezwa kwa umeme yanaweza kushika nafasi ya chokaa. Sisi bahari tunayo, toka Vanga hadi Kiunga, na umeme wa mvuke wa Olkaria hauchomi makaa.

Kwa hivyo wenzangu, msilikimbie somo la kemia eti ni gumu. Mtu akikuletea saruji mpya na sifa tele, muulize mambo matatu: jiwe lake limebeba nini, moto wake watoka wapi, na mvua ikinyesha itakuwaje? Akijibu yote, mwiteni fundi aanze kazi.