Ramani Isiyo na Makaburi

Guy Delisle, Mkanada mzaliwa wa Quebec, husimulia safari zake kwa michoro. Mwaka 2001 alikwenda Korea Kaskazini kusimamia utengenezaji wa filamu za katuni, na mwaka 2003 akatoa kitabu kuhusu Pyongyang. Baadaye aliichora Rangoon, jiji la Burma iliyokuwa chini ya wanajeshi, alikoishi kwa sababu ya kazi ya mkewe. Mengi katika michoro hiyo ni mambo madogo: baba anasukuma kigari cha mtoto, na askari anamgeuza asipite mtaa wenye nyumba alimofungiwa kiongozi wa upinzani Aung San Suu Kyi. Baba anazunguka. Kesho atazunguka tena bila kuambiwa.

Kila nikivisoma vitabu hivi, mawazo hunipeleka Hanang, kaskazini mwa Tanzania, kwenye tambarare za Basotu. Huko nako Wakanada walifika, ila wao walikuja na matrekta. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umma NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano ambayo hatimaye yalifikia saba, ekari zipatazo 100,000. Hayo yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig, wafugaji wa eneo hilo. Mfugaji huhama kwa majira, akaziacha nyasi zipumzike. Mpimaji aliyekuja wenyewe wakiwa kwingine aliona nyasi tupu, akachora ardhi isiyo na mtu.

Tanzania ya Mwalimu Nyerere haikuwa Pyongyang. Hata hivyo ilikuwa nchi ya chama kimoja, na mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Amri hiyo iliwafikia Wairaqw wa Mbulu, waliozoea nyumba za kuchimbiwa ubavuni mwa mlima zenye paa la udongo, kama ilivyowafikia Wabarabaig wa Hanang. Watu walipangiwa pa kulala, na mashamba ya ngano yakawakatia ng'ombe njia za kwenda majini na kwenye chumvi.

Hasara ya malisho inahesabika. Iliyo nzito zaidi ni ya bung'eda, kaburi la Kibarabaig la mzee aliyeheshimika. Si shimo la siku moja. Ndugu na majirani huliinua kwa miezi, udongo juu ya udongo, hadi lizidi kimo cha mtu, na mahali pake hujulikana na vizazi vinavyofuata. Ndani ya mashamba ya ngano makaburi ya namna hiyo yalilimwa yakasawazishwa, na baadhi ya yaliyobaki yakazungukwa na mazao, ndugu wasiweze kuyafikia.

Aliyefiwa ana pa kwenda. Anajua marehemu yuko wapi, na huzuni yake ina anwani. Kaburi likisawazishwa, anayepotea mara hii ni mfiwa mwenyewe: anabaki na msiba usio na mahali, na hata shahidi wake amefukiwa. Wanakijiji wa Mulbadaw, huko Hanang, waliishtaki NAFCO kwa ajili ya ardhi yao, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu, haikuthibitishwa kwamba wadai wote ni wenyeji kwa maana ya sheria. Nani angethibitisha wenyeji kuliko babu aliyelala chini ya jembe la trekta? Mwaka 1987 ikatoka amri ya serikali ya kufuta haki za kimila katika ardhi hiyo.

Mchoro, basi, si kitu kisicho na hatia. Basotu ilichukuliwa kwanza kwenye karatasi, na karatasi ile haikuwa na makaburi. Michoro kama ya Delisle huonyesha lililoachwa nje ya karatasi za serikali. Lakini yeye ni mgeni. Muda wake ukiisha anapanda ndege, na waliozoea kuzunguka wanabaki wakizunguka. Mchoraji wa Basotu anapaswa kutoka Basotu, kwa sababu kinachotakiwa kuchorwa hakionekani tena kwa macho. Kimo katika vichwa vya wazee, na wazee wanapungua.

Kanada ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, NAFCO ikafa, na sehemu ya mashamba ikarudi mikononi mwa vijiji. Ekari hurudishwa kwa barua. Kaburi halina barua ya kulirudisha. Linahitaji mzee wa kusema lilikuwa hapa, la fulani, lilijengwa na fulani, na kijana mwenye penseli wa kuliweka kwenye ramani kabla mzee huyo hajaondoka.