Ukweli Chini ya Boneti

Tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, gari hilo lina wapenzi Kenya ambao hata bei ya petroli haijawatenganisha nalo. Nami nimo. Kinachonivutia zaidi si kasi, bali jinsi tunavyoambizana ukweli. Turbo huzungushwa na moshi wenye joto kali na kulainishwa na oili ya injini. Basi ukitoka kupanda mlima, usizime gari papo hapo, liache lingurume dakika moja au mbili. Pima oili mara kwa mara, kwani ikipungua mno, injini imekwenda. Haya nilifundishwa bure na kijana muuza mitumba mwenye gari kama langu, ambaye hakujali shahada yangu (na kwa nini ajali?). Alinifikisha Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akanionyesha maduka ya vipuri halisi na ya kuepuka.

Linganisha na ofisi za umma, ambako mwananchi huuziwa hata maelezo ya fomu anayostahili kupewa. Baadhi ya watumishi wa ofisi hizo hukutana nasi Jumapili, tumeinamia injini pamoja, na hapo hawafichi lolote. Nimewauliza wawili sababu ya tofauti hiyo. Mmoja alicheka. Mwingine aliniomba nimpe spana.