Mkono Wako, Zuhura

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Huku wazima, bibi yako goti bado linamsumbua, na Mwanaidi amejifungua salama, mtoto wa kike.

Nimeambiwa kwamba mkono ulioungua mafuta ya chipsi umepona, na sasa unaupaka mkorogo ili doa liishe kabla ya harusi. Aliyeniambia si mtu wa kuzua. Acha leo, mwanangu.

Kidonda chako kilifunga ndani ya wiki 2, na kidonda cha namna hiyo kwa kawaida hakiachi kovu. Kinachobaki ni rangi, nayo hurudi yenyewe polepole, kwa miezi, pengine mwaka. Wewe unataka irudi kwa siku za kuhesabu.

Unamkumbuka yule dada wa duka la kanga? Hukumwona alivyokuwa. Mvuke wa sufuria ulimbabua shavu, akapona, likabaki doa jeusi. Akauziwa mkorogo kwenye kikopo kisicho na jina. Mwanzo doa lilififia na uso mzima ukang'aa, watu wakamsifu, naye akaendelea. Baadaye ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, jua likimpiga anawashwa hadi machozi. Mwishowe mashavu yote mawili yakaiva weusi wa kibuluu, na vipele vidogo kama chenga za mchele. Mimi ndiye niliyemsindikiza kwa daktari wa ngozi. Akatueleza kwamba michanganyiko ile mara nyingi hutiwa haidrokwinoni, zebaki na dawa kali za steroidi. Kwamba zebaki hupenya mwilini ikaharibu figo. Na kwamba serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Doa la awali lilikuwa dogo kama sarafu.

Basi paka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, na ukitoka juani vaa mikono mirefu, maana jua ndilo linalolikoleza doa. Ukiona pamevimba na kuwa pagumu kupita mipaka ya jeraha, nenda hospitali mapema. Ukoo wetu una makovu ya kuvimba.

Siku nyingine ukiungua, vua pete na bangili, tia mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana. Mama yako alikupaka dawa ya meno ulipoungua pasi, na nilipomkanya nikaambiwa wifi ana maneno. Maneno yenyewe ndiyo haya. Malengelenge usiyatumbue. Na jeraha likizidi kiganja chako, au likiwa la usoni, ni hospitali moja kwa moja.

Mwambie fundi akushonee gauni la mikono mirefu. Kitambaa nitanunua mimi. Hicho kikopo kitupe, kisha unitumie picha ya mkono kwa simu ya Mwanaidi, na picha uipige mchana. Ijumaa ikipita kimya, Jumamosi napanda basi.

Shangazi yako