Motokaa ya Mbio: Kuinunua Tayari au Kuitengeneza?

Jioni moja tulikuwa tukisahihisha madaftari hapa nyumbani Makumira, alipotujia kijana wetu, mwana wa kaka yetu mkubwa. Akatuamkia, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba mdogo, nataka kununua Subaru Impreza, ili nijaribu mashindano ya mbio. Lakini nimefika njia panda. Ninunue ile iliyotoka kiwandani tayari kwa mwendo mkali, au ninunue ya kawaida, mafundi wa Arusha wakaiongeze nguvu?"

Hatukumjibu upesi, maana tulijua fedha ile ilikotoka. Ilikuwa akiba yake ya miaka sita ya kuwaendesha watalii, pamoja na bei ya ng'ombe watatu wa baba yake.

Kwanza na tueleze tofauti, kwa ajili ya wasioijua. Impreza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Ile ya kawaida, yenye injini ya lita moja na nusu, ina nguvu za farasi 100 hivi, nazo zamtosha mtu kwenda soko la Tengeru na kurudi na mizigo yake. Ile iitwayo WRX STI, iliyotokea mwaka 1994, ina injini ya lita mbili yenye tabo, yaani pangaboi dogo lizungushwalo na moshi wa injini, likaishindilia injini hewa nyingi. Nyingi za namna hiyo zilizouzwa Japani zina nguvu za farasi 280. Lakini tofauti si injini tu. Breki zake ni kubwa zaidi, gia boksi lake ni imara, na springi zake ni ngumu. Wale waliopima nguvu ya kwenda ndio waliopima nguvu ya kusimama.

Tukamweleza kijana hayo, naye akatujibu kwa akili. "Baba mdogo, mbona Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo kuukuu aliyoitengeneza yeye na ndugu yake Jaswant?"

Neno hilo ni kweli, nasi tulifurahi kwamba amesoma. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na motokaa za siku zile zilikuwa kama zile ziuzwazo madukani. Lakini tulimwambia aitazame vema habari ya Joginder. Volvo ile, PV544, ilikuwa imekwisha kutayarishwa na kiwanda chenyewe kwa Safari ya mwaka 1964. Joginder hakutwaa motokaa ya sokoni akaitia injini ya vita. Alitwaa chombo kilichokamilika, akakifanyiza upya. Tena alikuwa fundi. Mkono wake ulijua kila parafujo. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer.

Ndipo tukamsimulia jambo lililotupata sisi wenyewe. Rafiki yetu alikuwa na motokaa ndogo ya kawaida, akaitia injini yenye tabo. Fedha ikamwishia hapo, naye akaziacha breki zile zile za kwanza. Siku moja tulishuka naye kutoka Nkoaranga. Kupanda kulikuwa raha. Miti ilitupita kama upepo. Katika kushuka tukasikia harufu ya kuungua, na mguu wake ukazama hata chini bila motokaa kupungua mwendo. Tukaingia katika migomba. Sisi tulitoka na michubuko, yeye akavunjika mguu. Na mama mmoja, mwenye mkungu wa ndizi kichwani, alikuwa amevuka mahali pale punde tu. Hata leo, tukipita pale, twamkumbuka mama yule kuliko mguu wa rafiki yetu.

Bwana wetu alifundisha habari ya kiraka kipya katika vazi kuukuu, kwamba kiraka hulirarua vazi. Ndivyo ilivyo nguvu mpya katika chombo dhaifu. Ukiongeza injini, klachi hulia. Ukibadili klachi, gia boksi hulia. Na rejeta, matairi na breki vyote vyangoja zamu yao. Kila mara fundi husema, "Bado kidogo." Wahenga walisema, Rahisi huvunja upishi.

Kijana akainama, akasema, "Basi ninunue STI." Tukamwambia, hiyo nayo ina hesabu yake. Bei yake ni kubwa, hunywa petroli nyingi, na vipuri vyake ni ghali. Tena ikija ikiwa imekwisha kutumika, nani ajuaye mwenyewe wa kwanza aliitendaje? Mtu anunuaye motokaa ya mbio iliyotumika hununua na mbio zilizokwisha kukimbizwa. Basi tukampa daftari na kalamu, tukamwambia aandike kila gharama, si bei ya kununua tu, kisha aje.

Akarudi baada ya juma moja. Hesabu ya kuigeuza ya kawaida mpaka ilingane na STI, pamoja na breki na gia boksi, ilikuwa imeipita bei ya STI yenyewe. Na hesabu ya STI, pamoja na petroli na vipuri vya mwaka mmoja, ilikuwa imeipita fedha yake yote. Akacheka, nasi tukacheka.

Basi amenunua Impreza ya kawaida. Injini hakuigusa, ametia breki nzuri na matairi mapya, naye ajifunza kwanza kuendesha kwa ustadi. Asema akifika mahali ambapo motokaa ndiyo imzuiayo, wala si mikono yake, ataiuza atafute iliyokamilika. Na bei ya ng'ombe mmoja ameirudisha kwa baba yake.

Ninyi vijana mpendao mwendo, hatuwakatazi. Ila kabla hamjauliza, "Itakwenda kasi gani?" ulizeni, "Itasimama wapi?" Maana njiani kuna mama mwenye mkungu wa ndizi, naye hajui habari za tabo yenu.